Mtu wa Pointi 27

Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, mchezaji asiyetaka kuiachia bahati kazi ya kumuumba mhusika wake hupewa pointi 27 za kununulia sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Kila sifa huanzia 8, chini kidogo ya mtu wa kawaida. Kutoka 8 hadi 13 kila hatua hulipiwa pointi moja. Kuanzia hapo bei inapanda: 14 inakula pointi 7, na 15, ambayo ndiyo mwisho wa kununua, inakula 9. Ukichukua 15 tatu, mfuko umekauka, na sifa tatu zilizobaki zinakaa palepale kwenye 8. Ukichukua 15, 14, 13, 12, 10 na 8, jumla yake ni 27 vilevile.

Bei moja, watu wawili. Wa kwanza ana kifua, ana pumzi, ana maneno matamu, lakini miguu yake mizito, shule ilimpita kando, na hatari hainusi mpaka imemfikia shingoni. Wa pili hana cha kutisha wala cha kuchekesha, ila mahali pamoja ambapo hajiwezi. Ninaipenda hesabu hii kwa sababu haimruhusu yeyote kumuumba malaika. Mchezaji anakaa na kalamu ya risasi, anafuta, anaandika, anafuta tena, na swali analojibu kila anapofuta ni hili: mtu wangu atashindwa wapi?

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni mepesi kuyaeleza. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja ana karatasi yenye maelezo ya mtu wa kubuni, isipokuwa mmoja, ambaye ni mwamuzi. Mwamuzi anaeleza walipo: lango la mji, msitu, handaki lenye harufu ya unyevu. Wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inarushwa, mara nyingi ile ya pande 20. Ubao si lazima, na mshindi hayupo. Michezo ya aina hii leo ni mingi, lakini huu ndio uliofungua njia. Ulitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson: vijitabu vitatu ndani ya boksi la rangi ya kahawia, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza.

Nirudi kwenye kalamu ya risasi. Katika toleo hilo la 2014, kinachoongezwa kwenye dadu si namba ya sifa yenyewe bali nyongeza inayotokana nayo, na nyongeza hupanda kila baada ya hatua mbili. Mwenye 14 anaongeza mbili. Mwenye 15 naye anaongeza mbili. Anayeanza huitazama 15 akaona amezidiwa na mwenzake kwa kupoteza pointi bure. Mzoefu anajua kwamba asili ya mhusika huongeza kitu kwenye baadhi ya sifa, kwa hiyo 15 ikipata moja inakuwa 16, na 16 inatoa tatu. Tatu badala ya mbili kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5, ambayo mtu wa nje atasema si kitu. Lakini dadu hiyo itarushwa mara mia kadhaa katika maisha ya mhusika. Na 13 nayo ina thamani yake iliyofichika, maana ndiyo mlango wa atakayetaka baadaye kuchanganya fani mbili, mpiganaji anayejifunza uchawi, kwa mfano. Mtu anayeweka 13 mahali asipopahitaji leo anakuwa amemwachia mhusika wake njia ambayo huenda asiipite kamwe.

Wapo wanaoidharau kazi hii ya kukamua kanuni hadi tone la mwisho. Wanasema mwenye kupiga hesabu hivyo hajali hadithi. Mimi nimeona kinyume chake. Mkamuaji mzuri ndiye aliyesoma kitabu kweli. Anajua kila neno liko ukurasa gani, anajua ngao inamnyima mkono wa kushika mwenge, na kwa sababu anajua hayo, gizani ataogopa mahali panapostahili kuogopwa.

Hata hivyo, moyo wangu uko zaidi kwenye njia ya zamani, ya 1974. Dadu tatu za pande sita, unajumlisha, na unaandika kwa mpangilio uliopo: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi, haiba. Huhamishi namba kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na 54 kati ya hizo, yaani robo kamili, zinatoa 10 au 11. Njia moja tu inatoa 18. Kwa hiyo wengi wanaozaliwa mezani ni watu wa kati, kama tulivyo wengi wetu, na kazi ya mchezaji si kuchagua bali kutambua.

Tuseme zimeanguka hivi: nguvu 9, akili 13, hekima 7, ustahimilivu 12, wepesi 11, haiba 15. Mtu mwenye haraka ataomba arushe upya. Mwenye subira atakaa nazo. Akili 13 inatosha kumpeleka kwenye uchawi wa vitabuni. Haiba 15 katika vijitabu vile si urembo tu, ndiyo iliyoamua ni wangapi watakubali kuajiriwa naye na watamtii kwa kiasi gani. Halafu iko hekima 7. Hapo mtu anaanza kujitokeza: mwanamke msomi anayependwa na kila amwonaye, watu wanamfuata bila kuulizwa mara mbili, na uamuzi wake karibu kila mara ni mbaya. Hakuna aliyembuni. Mchezaji amemkuta ndani ya namba sita. Kinachobaki ni kuuliza maswali yanayofuata kwa haki. Waliomfuata safari iliyopita wako wapi? Nani kati yao alirudi? Je, analipa mshahara wa waliokufa kwa wajane wao, au amehama mji?

Hapo ndipo ufundi wa pili unapoanza, ule wa kuandika historia ya mhusika, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kuzidisha. Kila mwamuzi amewahi kupokea kurasa nyingi zinazosimulia jinsi kijiji kilivyochomwa moto, baba, mama na ndugu wote wakafa, mwalimu naye akafa, na mhusika akabaki peke yake na upanga na kisasi. Ni hadithi iliyokwisha. Mwamuzi hana pa kuingilia. Mjuzi huandika mistari mitano na ndani yake anaacha watu hai: shangazi anayeuza samaki kwenye soko la mji ule ule, mkopeshaji anayedai vipande 40 vya dhahabu, rafiki wa utotoni ambaye siku hizi ni askari wa lango. Kama fundi cherehani anavyoacha upindo mpana kwenye gauni la mtoto, anaacha kitambaa cha kukunjuliwa mbele ya safari. Shangazi anaweza kuugua. Deni linaweza kuuzwa kwa mtu mbaya zaidi. Rafiki wa langoni anaweza kuamriwa asimfungulie. Ninavyoona mimi, deni ni zawadi bora kuliko uyatima, kwa sababu deni lina mtu upande wa pili.

Sasa kanuni. Wapo wanaodhani mabishano ya kanuni ni kasoro ya mchezo, muda unaopotea kabla ya kurudi kwenye raha. Mimi nayaona kuwa nusu ya mchezo wenyewe, na yana ukoo mrefu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alichapisha mchezo wa vita wa kufundishia maofisa wenzake: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi katikati. Kanuni zikanenepa kadiri miaka ilivyopita, mpaka mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Hapo pande mbili zikazaliwa, na hazijapatana hadi leo. Mmarekani Charles Totten aliandika kitabu chake cha michezo ya vita, Strategos, mwaka 1880. Karibu miaka 90 baadaye kijana wa Minnesota, David Wesely, alikikuta maktabani na kuchukua humo wazo la mwamuzi anayeruhusu mchezaji kujaribu lolote. Mwaka 1969 akaendesha mchezo alioupa jina la mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja badala ya jeshi. Dave Arneson alikuwa miongoni mwa wachezaji wake.

Ugomvi wa Reisswitz na Verdy unaonekana hata ndani ya mtu mmoja. Vijitabu vya 1974 vilifunga kwa kuwahimiza wasomaji wayaamue mambo wenyewe wapendavyo. Miaka michache baadaye Gygax huyo huyo alikuwa akiandika vitabu vinene, akitaka meza zote zicheze sawasawa ili mashindano yawezekane. Simlaumu. Wote wawili walikuwa sahihi, yule wa 1974 na yule wa 1978.

Nichukue kanuni moja niiweke karibu na taa. Tufe la Moto ni uchawi mashuhuri kuliko wote: mchawi ananyoosha kidole, cheche inaruka, inalipuka kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha futi 20, yaani mita 6. Uwanjani hakuna tatizo. Lakini wachezaji hawa muda mwingi wako chini ya ardhi, kwenye njia zenye upana na urefu wa futi 10. Moto utaenda wapi? Kitabu cha wachezaji cha 1978 kinajibu kwa hesabu: mlipuko unafuata umbo la mahali ulipotokea na kujaza ujazo ule ule wa tufe, takriban futi za ujazo 33,000. Hiyo ni michemraba 33 ya futi 10 kila upande. Ipange katika njia yetu: futi 330, karibu mita 100. Ukilipuka katikati na pande zote mbili zikiwa wazi, unakwenda futi 165 mbele na futi 165 nyuma. Sasa tazama mchawi wa daraja la tano la uzoefu, aliyeupata uchawi huu juzi. Kwa kanuni ya kitabu hicho hicho, chini ya ardhi anaweza kuurusha hadi futi 150. Maana yake ni kwamba ndani ya njia ile, hata akiurusha mbali kabisa kadiri ya uwezo wake, moto utarudi umkute amesimama.

Hapo mabishano yanaanza, na ni mazuri. Mlango wa mbao ulio katikati ya njia je, unahesabiwa kuwa ukuta? Anayetaka usihesabiwe atasema mlipuko unauvunja. Mwenzake atafungua ukurasa na kuonyesha kwamba kifungu hicho kinasema mlipuko hauna msukumo mkubwa. Basi mlango unasimama, na moto wote unarudi upande mmoja. Lakini mbao zinaungua, atasema wa kwanza. Zinaungua, ndiyo, ila baada ya moto kuwa umeshapita. Na dhahabu iliyoko chumbani? Kitabu kinasema metali laini zinaweza kuyeyuka. Nimeona watu wakiacha kupigana na mazimwi, wakachukua karatasi ya miraba, wakahesabu kwa vidole hadi walipojua kwamba chumba kile kitauchukua moto wote na miraba mitatu tu itamwagika njiani walipo. Wakarudi nyuma hatua zinazotosha. Ndipo mchawi akanyoosha kidole.

Toleo la 2014 halina hesabu hiyo. Tufe linabaki na nusu kipenyo cha futi 20, linapinda kona, linaumiza kwa dadu nane za pande sita, basi. Mchezo unakwenda haraka zaidi, na nawaelewa waliopunguza. Mimi ningeirudisha. Kanuni ya ujazo ilimlazimisha mchawi kuyafikiria majengo: dari, kona, mlango, upepo unatoka wapi. Akili ya kwenye karatasi ikawa akili mezani.

Mabishano mengine yana thamani kwa sababu yanaonyesha mpaka wa kanuni. Maarufu ni yale ya wakulima waliopangwa mstari. Mzunguko mmoja wa mapigano ni sekunde 6, na kila mtu anaruhusiwa kujiandaa kumpokeza kitu jirani yake. Wapange wakulima 2,000, kila mmoja na mita yake moja na nusu, na mkuki utasafiri kilomita 3 ndani ya sekunde 6. Hiyo ni mita 500 kwa sekunde, mbio kupita sauti. Basi, anasema mbishi, mkuki ule ukitoka mwisho wa mstari utamtoboa joka kama risasi ya mzinga. Jibu linahitaji mtu kutulia. Aliyetumia kanuni za mchezo kuupeleka mkuki hawezi kuziacha njiani akaazima fizikia ya kuupigisha. Akibaki na kanuni, mkuki unaumiza kwa dadu moja ya pande sita, sawa na mkuki wowote. Akitaka fizikia, mkulima wa pili tu ataudondosha. Kitabu cha waamuzi cha mwaka 2024 kimeingiza suala hili waziwazi na kutamka kwamba kanuni za mchezo si sheria za maumbile. Nilifurahi kuliona limeandikwa, ingawa mezani mjadala ulishamalizwa zamani na watu wenye subira.

Lakini kanuni inayokutana na mhusika ana kwa ana ndiyo inayonivuta kuliko zote, na hiyo ni kanuni ya paladini, askari wa kiapo. Kwa kitabu cha 1978, paladini akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, anapoteza hadhi yake papo hapo na hairudi kamwe. Akitenda jambo la kuvunja utaratibu, kwa kujua, njia bado ipo: atafute kasisi mwadilifu wa daraja la saba au zaidi, aungame na afanye kitubio. Ona jinsi maneno yalivyopimwa. Uovu ni kitu kimoja, kuvunja utaratibu ni kitu kingine, na yote mawili yanadai kwamba mtendaji alijua.

Nilikuwepo mezani siku paladini alipomwambia askari wa doria kwamba hajaona mtoto yeyote, na mtoto amejibanza chini ya joho lake. Dadu zikawekwa kando.

“Amesema uongo,” alisema mwamuzi. “Na alijua.”

“Kwani uongo ni uovu?” aliuliza mwenye mhusika. “Ningesema kweli, mtoto angechinjwa.”

“Ndugu yangu, hakuna aliyesema ungemtoa,” alidakia mchezaji wa tatu, ambaye mhusika wake alikuwa mwizi na kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza. “Ungenyamaza. Kitabu hakikulazimishi kujibu.”

Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyetazama saa. Walisoma kifungu kwa sauti. Waliuliza kama askari wa doria alikuwa na mamlaka halali, maana paladini ameapa kuheshimu sheria, na kama amri ya kumchinja mtoto inaweza kuitwa sheria. Aliyekuwa kimya muda wote akasema kwamba mjadala huo ungekuwa mwepesi kama paladini angekuwa mtu mwenye hekima kubwa, lakini karatasi yake ilionyesha 13, kiwango cha chini kabisa ambacho kitabu kinamruhusu paladini. Mtu wa namna hiyo angepata wazo la kunyamaza pale pale, upanga ukiwa umeshachomolewa? Hapo nikaona namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi siku ya kwanza ikitoa ushahidi.

Mwamuzi aliamua: si uovu, ni kuvunja utaratibu. Kitubio. Kasisi wa daraja la saba wa karibu alikuwa kwenye mji ule ule waliokuwa wanautoroka, kwa hiyo safari nzima ikageuka. Mtoto akafichwa kwa shangazi muuza samaki, ambaye mchezaji mmoja alikuwa amemwandika kwenye mistari yake mitano. Walipomfikia kasisi baada ya vikao kadhaa, mwamuzi alifungua daftari lake ikaonekana kwamba aliwahi kumwandika kuwa wa daraja la sita. Mwenye paladini ndiye aliyekataa namba ibadilishwe kwa ajili yake. Alitaka kumjua kasisi mwingine, hata kama yuko mbali, na wenzake wakaanza kubishana ni nani kati ya watu waliowahi kukutana nao anaweza kuwa ameshafika daraja la saba.